Hadithi ya upelelezi iliyolala ndani ya gunia la Wang'uru

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Embu kwa njia ya Makutano huingia Wang'uru kabla hajajua kwamba amekwisha fika. Mkono wa kulia na wa kushoto mna vinu vya kukobolea mpunga, maturubai yaliyoanikwa nafaka, mizani, na vibanda vya mchele ambavyo wenyewe huwasimamisha wapita njia wakawatilia punje kiganjani wazinuse. Nyuma ya maduka ndipo yaanzapo majaruba, yamepangana mfereji kwa mfereji hadi macho yachoke, na asubuhi isiyo na mawingu Mlima Kenya huonekana upande wa kaskazini. Wenyeji wengine huuita mji huu Ngurubani. Wengi wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu hatujaukanyaga, ila matumbo yetu yaujua: pishori ya Mwea ndiyo hiyo tuilayo katika biriani za arusi na katika masinia ya khitma.

Mji kama huu ni mahali pazuri mno pa kuwekea hadithi ya upelelezi. Sisemi hadithi ya majambazi na bastola. Nasema ile ya taratibu, isomwayo baada ya isha huku kikombe cha kahawa kiko kando, ambamo jambo moja baya limetokea mahali ambapo kila mtu amjua mwenzake, na mtu mmoja mwenye akili tulivu akakaa akalifumbua. Kiswahili kinazo hadithi za aina hiyo, tena nzuri, lakini karibu zote zimebaki kwenye upepo wa bahari. Miji ya Mlima Kenya, toka Nyeri na Karatina hadi Kerugoya na Wang'uru, haijaonja bahati hiyo.

KIJIJI, MAITI MOJA NA BIKIZEE

Waingereza ndio walioishika aina hii wakaifanya kuwa biashara kubwa. Mwaka 1930 Agatha Christie alitoa kitabu cha The Murder at the Vicarage, akamtia ndani yake bikizee asiyeolewa aitwaye Miss Marple, mkaazi wa kijiji kidogo cha St Mary Mead ambacho hakimo katika ramani yoyote. Bikizee huyu hana silaha wala cheo. Kazi yake ni kufuma sufi, kutunza bustani, na kuyaona mambo ya watu. Mtu akitiliwa shaka, yeye hukumbuka mwingine aliyepata kumjua kijijini, pengine kijana mchukuzi wa samaki au mtumishi wa jirani, aliyekuwa na tabia kama hiyo, na kwa kumlinganisha huyu na yule huujua ukweli kabla ya polisi.

Mtu wa Mji wa Kale hahitaji kufundishwa njia hiyo. Kila mtaa wetu una bibi wa namna hii, yuko nyuma ya dirisha, ajua nani kapita saa ngapi na kabeba nini, na mwaka gani babu yake naye alipita na mzigo kama huo. Tumemwita mmbeya, tumemwonea. Kule Uingereza wamemfanya shujaa wa vitabu.

Afrika nayo imeingizwa katika mchezo huu, ingawa kwa kuchelewa. Mwaka 1998 Alexander McCall Smith, Mskochi aliyezaliwa Bulawayo mwaka 1948, alitoa hadithi ya kwanza ya Bi Precious Ramotswe wa Gaborone, mwanamke aliyeuza ng'ombe aliorithi kwa babake akafungua ofisi ya upelelezi. Mashauri yake ni ya watu wa kawaida: mume aliyepotea, baba asiyejulikana kama ni baba kweli, mtoto aliyechukuliwa. Anakunywa chai, anafikiri, anawasikiliza watu. Vitabu hivyo vimeuzwa dunia nzima, na Botswana, nchi ambayo wasomaji wengi wa Ulaya hawakuweza kuionyesha kwa kidole, ikapata jina jema kuliko ambavyo balozi yeyote angeweza kuitafutia.

Kenya ilikuwa na bahati ya kuandikwa mapema zaidi, lakini bahati hiyo ilikuwa na kasoro yake. Elspeth Huxley, aliyelelewa huku tangu utotoni, alitoa Murder at Government House mwaka 1937 na Murder on Safari mwaka 1938. Ni vitabu vya mtu aliyeijua nchi, na mafumbo yake yamefungwa vizuri. Hata hivyo watu wenye siri ndani yake ni Wazungu, na Mwafrika yuko pembeni, ndiye mwenye kuleta chai. Katika hadithi ya upelelezi hiyo ni dharau ya namna ya pekee, maana asiyestahili kushukiwa huwa hajahesabiwa kuwa mtu mzima.

MZEE WA UNGUJA NA KIKO CHAKE

Kwa Kiswahili mlango ulifunguliwa na Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Mswada wake ulipata zawadi ya kwanza katika mashindano ya kutunga hadithi ya mwaka 1957 na 1958 yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau, na mwaka 1960 ukatoka kitabu: Mzimu wa Watu wa Kale. Humo ndimo alimoingia Bwana Msa na kiko chake mdomoni, na Najum rafiki yake ubavuni. Wasomaji wa Sherlock Holmes walikitambua kiko hicho mara moja, na mwandishi hakuona haja ya kukificha. Lakini tazameni jina lenyewe. Msa ndiye Musa kama aitwavyo kwetu, na herufi za mwanzo za jina la mwandishi, zikipangwa, zatoa neno hilo hilo.

Baada ya hapo kilikuja Kisima cha Giningi mwaka 1968, kisha Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974, Mke Mmoja Waume Watatu mwaka 1975, Mwana wa Yungi Hulewa mwaka 1976, na Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Mwandishi alifariki mwaka 1991.

Aliyasomaye majina hayo mawili ya mwanzo ataona mara moja alilokuwa akilifanya mzee huyu. Mzimu ni mahali pa kuogopwa, na Giningi ni kule kwa wachawi, ambako kila mtoto wa Unguja aliambiwa habari zake usiku. Watu katika hadithi wako tayari kusema kwamba ni pepo, ni mizimu, ni wakubwa wa kale wamekasirika. Bwana Msa avuta kiko chake, auliza maswali mawili matatu ya kipuuzi, na mwishowe aonyesha kwamba mkono uliofanya kazi ile ulikuwa na vidole vitano kama vyetu. Ni hadithi za kuchekesha, nazo zimejaa mazungumzo matamu, lakini chini yake mna vita vya akili dhidi ya hofu.

Kuna jambo jingine katika maisha yake ambalo hukumbukwa kwa nadra. Kabla ya kujulikana kwa hadithi, Muhammed Said Abdulla alifanya kazi ya ukaguzi wa afya, kisha akawa mhariri wa magazeti ya Unguja, na toka mwaka 1958 hadi 1968 alihariri Mkulima, gazeti la mambo ya kilimo. Kwa hivyo baba wa upelelezi wa Kiswahili alikuwa mtu wa kukagua usafi na wa kuandika habari za mashamba. Naam, huyo angejua la kufanya Wang'uru.

Waliomfuata walikwenda njia nyingine. Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965, hadithi ya kasi ya mjini Dar es Salaam. Elvis Musiba alimleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974, na Ben Mtobwa akamleta Joram Kiango wake. Hao ni watu wa ndege, hoteli kubwa na risasi. Vijana waliwapenda, na mimi sina neno nao. Lakini mpelelezi aliyeketi barazani akapotea polepole, na watu wakaanza kudhani kuwa pasipo bastola hapana hadithi.

KANZU YA NABII YUSUFU

Ajabu ni kwamba msomaji wa Kiislamu ndiye aliyeandaliwa vyema zaidi kuipenda hadithi ya taratibu. Tangu chuoni amesoma Sura ya Yusufu. Ndugu wanarudi usiku wakilia, wana kanzu yenye damu, na baba yao haridhiki na ushahidi huo. Wafasiri wameeleza kwamba aliitazama kanzu akaona haikuraruliwa, akastaajabia mbwa mwitu mpole kiasi hicho. Baadaye, katika nyumba ya bwana mkubwa wa Misri, shauri lakatwa kwa kanzu nyingine: imeraruka mbele au nyuma? Imeraruka nyuma, basi kijana alikuwa akikimbia, na mwanamke ndiye mshtaki mwongo. Na mwisho wake ni kopo la mfalme likitafutwa mzigo kwa mzigo, hadi likatokea katika mzigo wa ndugu mdogo, ambamo lilitiwa kwa makusudi.

Kisha kuna kisa cha Mtume (s.a.w.) sokoni, ambacho kila mfanyabiashara wetu amekisikia msikitini. Alipita penye rundo la nafaka lililoonekana zuri juu, akatia mkono ndani, na vidole vyake vikatoka na umaji. Mwenye mali akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini basi hakuiweka ile iliyolowa juu, watu wakaiona. Hakuna aliyeuawa katika kisa hicho, wala hakuna aliyefukuzana na mtu, nacho ni upelelezi kamili: dalili, ushahidi, udhuru na swali la mwisho lisilo na jibu.

MLIMA NAO UNA WAANDISHI

Isidhaniwe kwamba huko mlimani watu ni mabubu. Karatina ndiko alikokuwa na kiwanda chake cha uchapaji Gakaara wa Wanjau, aliyezaliwa mwaka 1921 akafariki mwaka 2001, mtu aliyefungwa kizuizini miaka ya hali ya hatari na ambaye kitabu chake cha kumbukumbu za kizuizi, kwa Kigikuyu, kilimpatia tuzo ya Noma mwaka 1984. Aliandika pia hadithi za kuchekesha za mhusika wake Wa-Nduuta, ambazo watu wa mji mdogo walizisoma na kujicheka. Nanyuki ndiko alikozaliwa Meja Mwangi mwaka 1948.

Naye Ngugi wa Thiong'o, wa Limuru, aliyefariki mwaka 2025, aliandika kitabu kikubwa kinachoanza kama hadithi ya polisi. Katika Petals of Blood, kilichotoka mwaka 1977, matajiri watatu wamekufa kwa moto katika mji mdogo wa Ilmorog, watu wanne washukiwa, mmoja wao mwenye duka na punda aitwaye Abdulla, na inspekta anakuja na kalamu yake. Lakini Ngugi hakutaka kujua tu nani aliyewasha moto. Alitaka kujua nani aliyeiuza nchi, na upelelezi ukamezwa na swali hilo kubwa. Haki yake. Hata hivyo mtindo wenyewe alioutumia, wa kukifungua kifo kimoja ili mji mzima uonekane, ni ule ule wa St Mary Mead, na waonyesha kwamba mji wa bara waweza kubeba fumbo.

Walioandika hivyo waliandika kwa Kigikuyu au Kiingereza. Kiswahili kilibaki lugha ya soko na ya matwana, ingawa kimekaa huko muda mrefu. Nyeri ina Majengo yake, Embu ina Majengo yake, mitaa ambayo adhana husikika na ambayo watoto hukua wakiwa na lugha mbili tatu mdomoni. Misafara ya Pwani ilifika hadi Mbiri, ambayo baadaye Waingereza waliita Fort Hall na sasa ni Murang'a, kabla reli haijapita. Bwana Msa akiteremka leo katika stendi ya Wang'uru hatakosa mtu wa kuzungumza naye.

FUMBO LA PISHORI

Tuje kwenye gunia lenyewe. Mbegu ya pishori ya Mwea ni Basmati 370, iliyotolewa na watafiti wa Kala Shah Kaku, Punjab, mwaka 1933, wakati Pakistan haijazaliwa. Jina pishori watu hulihusisha na Peshawar. Basi huu mchele ni mgeni aliyekuja kutoka mbali akapata uraia. Punje yake ni nyembamba, ikipikwa hurefuka, na harufu yake hufika kwa jirani kabla sahani haijafika.

Kenya haivuni mchele wa kuitosha, hununua mwingi kutoka nje, na mwingi wa huo hutoka Pakistan na nchi za Asia. Mchele wa nje huwa rahisi. Hapo ndipo shetani alipopata mlango. Jambo la kuchanganya mchele wa bei ndogo na pishori kidogo ya harufu, kisha kuandika juu ya gunia "Pishori ya Mwea", limelalamikiwa miaka mingi na wakulima wenyewe, na kila mpishi wa arusi mjini Mombasa atakupa kisa chake cha sufuria iliyogeuka bokoboko wageni wakiwa wamekwisha keti. Anayeumia kwanza ni mkulima wa Mwea, maana jina lake lauzwa na wengine, na bei ya mpunga wake yashuka kwa sababu ya mchele ambao hakuulima.

Si dhambi ndogo. Sura nzima ya Qur'ani, Al-Mutaffifin, imeitwa kwa jina la wapunjao vipimo. Mwandishi mwenye jicho hahitaji maiti hapa.

Na akiihitaji, ardhi yenyewe ina mifupa. Mifereji ya Mwea ilianza kuchimbwa mwaka 1954, wakati wa hali ya hatari, kwa nguvu za mahabusu. Katika uwanda huo huo zilikuwako kambi za kizuizi, na mwaka 1957 ndiko ulikofanyiwa kazi mpango wa kuwavunja mahabusu kwa kuwatia wachache wachache katikati ya waliokwisha kubali kushirikiana na serikali, na mapigo yakiwamo. Baadaye watu wasio na ardhi walipewa mashamba ya mpunga, lakini walikuwa wapangaji. Toka mwaka 1966 bwana wao alikuwa bodi ya taifa ya unyunyizaji: ilikuwa lazima wampelekee yeye mavuno, na mtu aliyetoka na gunia lake usiku kwenda kuliuza kwingine alihesabiwa mwizi. Mwizi wa mpunga alioulima kwa mikono yake! Hali hiyo iliendelea hadi mwaka 1998, wakulima walipokataa na kuanza kukoboa na kuuza wenyewe. Fikirini basi ni siri ngapi zimelala katika mji kama huo. Aliyekuwa mlinzi wa kambi na aliyekuwa mahabusu wameketi katika kanisa moja, wajukuu zao wameoana, na katika kinu kimoja yuko mzee ambaye ajua nani alimtaja nani.

MPISHI NA MCHAMBUZI

Ningekuwa na kipaji cha Makunduchi, ningeianza hadithi kwa mpishi mwanamke wa Mombasa, mtu mzima, ambaye biriani yake imemwaibisha mbele ya watu mia nne. Hasemi kitu. Akwangua ukoko, achukua punje mbichi zilizobaki katika gunia, azifunga katika ncha ya kitambaa, apanda basi la usiku. Ana jina la kinu lililopigwa chapa juu ya gunia, na pua yake.

Wang'uru akutane na mwanamke mwingine, mchambuzi wa mchele kinuni, ambaye miaka thelathini ameupepeta uteo akitoa chenga na mawe, na ambaye kwa kutazama tu ajua mchele huu ni wa jaruba la upande gani. Huyu asema Kiswahili cha bara chenye Kigikuyu ndani yake, yule asema Kimvita, na nusu ya uchekeshaji wa kitabu iko hapo: "Mama, karibu chai," "Marahaba mwanangu, lakini sukari iko wapi?" hali sukari imekwisha pikwa pamoja na maziwa. Waelewane polepole. Zile punje za kitambaa wazimwage juu ya uteo, wazitenge kwa vidole: hizi za hapa, hizi si za hapa.

Kisha waanze kufuata njia. Mkulima ashukiwe, kwa kuwa ana deni la mbolea na ada za watoto. Mwenye kinu ashukiwe, kwa kuwa lori huja kwake saa nane za usiku. Dalali ashukiwe kwa kuwa madalali hushukiwa daima. Inspekta wa polisi, kama ilivyo desturi ya hadithi hizi, amkamate asiye na kosa, kijana wa kufukuza ndege majarubani, kwa sababu ana simu mpya. Mzee wa kambi aseme neno moja la kale ambalo halihusiani na mchele, nalo litufunulie kwa nini mwenye kinu na mkulima hawasemezani tangu siku za baba zao, na kwa hivyo kwa nini wasingeweza kushirikiana katika wizi hata kama wote wawili wangetaka.

Hivyo mlango mmoja baada ya mwingine wafungwa, na mwanamke wa kinuni, ambaye hajapata kuiona bahari, aulize swali ambalo mgeni wake hakutaka kuulizwa. Gunia lilishonwa kwa uzi wa rangi gani lilipokufikia? Kwetu hapa twashona kwa mweupe. Mpishi anyamaze. Uzi aliokata nyumbani ulikuwa wa bluu. Uzi wa namna hiyo ameuona mara nyingi, katika ghala iliyo hatua chache tu kutoka msikitini kwao, ghala ya mtu aliyekwenda Hija mara mbili, ambaye husimama safu ya mbele kila alfajiri, na ambaye ndiye aliyegharimia arusi ile.

Basi la kurudi Mombasa laondoka saa kumi na mbili jioni, naye ana kitambaa chake mkononi na saa kumi za njia za kufikiri atakalomwambia.